Mbona Kila Bastola Siku Hizi ni ya Milimita Tisa?

Katika toleo lililopita nilijibu kwa mistari michache swali kuhusu tarakimu zinazochorwa ubavuni mwa bastola, nikidhani nimemaliza. Kumbe nilikuwa nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika kutoka Kisumu, Nakuru, Busia na Kakamega, na ingawa kila mmoja ameuliza kwa namna yake, karibu wote wanataka kujua ni kwa nini kaliba fulani ya bastola, yaani upana wa tundu la mtutu wake, hupendwa kila mahali kwa miaka thelathini, kisha ikasahaulika kiasi kwamba ukiitaja vijana wanakukodolea macho. Nimechagua barua tano. Kwa asiyenifahamu, nilikuwa fundi wa ghala la silaha hadi nilipostaafu, na majibu haya ni ya fundi, si ya mwanasheria wala ya muuzaji.

SWALI: Pokea salamu zangu, mzee wa safu. Marehemu baba yangu aliingia polisi kabla ya Uhuru, na tulipokuwa watoto alikuwa akiitaja "thati-eti" kana kwamba hapakuwa na bastola nyingine duniani. Leo nikisoma habari za mahakamani ni milimita 9 mwanzo mwisho. Ile thati-eti ilikwenda wapi, na ni nani aliyeamua iondoke? – Mwalimu mstaafu, Kondele, Kisumu

JIBU: Mwalimu, thati-eti, yaani .38 kwa kipimo cha inchi, hazikuwa moja. Zilikuwa mbili zilizotumia jina moja, na hapo ndipo wengi hupotea. Ya kwanza ni ya Waingereza. Jeshi lao lilikuwa limezoea rivolva (bastola zenye silinda inayozunguka) nzito za Webley za kaliba .455, yaani karibu milimita kumi na moja na nusu, lakini baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakuu wake walikiri kwamba askari aliyefunzwa kwa haraka hakuweza kuimudu silaha ile. Mwaka 1932 wakapitisha rivolva ya Enfield iliyotumia risasi ya .38 yenye ganda fupi (ganda ni kile kikopo cha madini kinachobeba baruti na kushika kichwa cha risasi). Ya pili ni .38 Special ya kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani, iliyotoka mwishoni mwa karne ya 19, ambayo ganda lake ni refu zaidi na jembamba kidogo, na ambayo polisi wa Marekani waliibeba kiunoni kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Risasi ya moja haikukusudiwa silaha ya nyingine. Ukizipima kwa venia, kile kipimo cha mafundi cha upana mdogo, utagundua kwamba hakuna hata moja ambayo kichwa chake kina upana wa inchi .38: Special ni .357 na ile ya Kiingereza ni kama .361. Jina ni urithi wa enzi ambapo kichwa cha risasi kililingana upana na ganda lake, na wafanyabiashara hawakuona sababu ya kubadili jina lililokuwa likiuza.

Nami niruhusu nichepuke kidogo, maana wewe ni mwalimu. Neno lenyewe "kaliba", ambalo sisi hulitumia pia kwa watu tunaposema "mtu wa kaliba yake", lina undugu na "kalibu" ya mfua vyuma anayeyeyusha madini na kuyamimina. Yote mawili hurudi kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya umbo la kufinyangia. Risasi za kale zilimiminwa hivyo hivyo, kwa kalibu, na upana wa kalibu ndio uliokuwa upana wa mtutu.

Sasa milimita 9. Hii ilibuniwa na Georg Luger wa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kuchukua risasi yake ya awali ya milimita 7.65, iliyokuwa na shingo kama chupa, na kuupanua mdomo wa ganda ili lipokee kichwa kinene zaidi. Jeshi la majini la Ujerumani liliipokea mwaka 1904 na jeshi la nchi kavu mwaka 1908. Urefu wa ganda ni milimita 19, na ndiyo sababu wataalamu huiandika 9x19. Jina lake la Parabellum limetoka katika msemo wa Kilatini unaomwambia anayetaka amani ajiandae kwa vita.

Hata hivyo, ubunifu wa Luger peke yake haukuiondoa thati-eti. Mambo mawili yaliiondoa, na yote mawili ni ya hesabu. La kwanza ni bastola ya Browning Hi-Power ya mwaka 1935, iliyotengenezwa na kampuni ya FN ya Ubelgiji, ambayo magazini yake, yaani kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini, ilibeba risasi 13 zilizopangwa kwa mistari miwili, wakati rivolva ya baba yako ilibeba sita na kuzijaza upya kulihitaji vidole visivyotetemeka. La pili ni ghala. Wakati wa Vita vya Pili Waingereza walitengeneza bunduki ndogo ya rashasha iitwayo Sten, nayo ilitumia milimita 9. Tangu siku hiyo, kila kikosi kilichokuwa na Sten na rivolva kililazimika kubeba masanduku mawili ya risasi zisizoingiliana, na mtu yeyote aliyewahi kutunza vitabu vya ghala atakuambia ni lipi kati ya hayo mawili litakalofutwa. Jeshi la Uingereza liliipitisha Hi-Power mwaka 1954. Polisi wa Ujerumani Magharibi, waliokuwa wakibeba bastola ndogo za 7.65, walihamia milimita 9 katika miaka iliyofuata shambulio la michezo ya Olimpiki ya Munich la 1972. Jeshi la Marekani, lililokuwa limeing'ang'ania .45 yake tangu 1911, lilikubali mwaka 1985 na kuchukua Beretta ya milimita 9.

Ukiuliza ni nani aliyeamua, jibu langu ni karani wa ghala. Wala huhitaji kwenda Ulaya kumtafuta: kiwanda cha risasi cha serikali kilichoko Eldoret, saa chache tu kwa matatu kutoka kwako, hutengeneza risasi za bunduki za kijeshi na hii ya milimita 9 kwa bastola. Nchi ikishakuwa na mashine zinazotoa kaliba moja, bastola ya kaliba nyingine inakuwa mgeni anayekula chakula cha kuagizwa.

SWALI: Mzee, hujambo? Mimi ni mkulima na nina cheti halali cha bastola tangu wezi waliponivamia. Bastola yangu ni ya milimita 9. Jamaa mmoja anayejiita mtaalamu ameniambia kwamba hiyo ni ya kutishia paka, na kwamba mwanamume hubeba .45, au angalau .40 kama FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani. Akaongeza kwamba risasi zangu ni za "greini 124", nami nikanyamaza nisionekane mshamba. Nifuate ushauri wake? – Mkulima, Mau Narok

JIBU: Tuanze na greini, kwa sababu wewe ndiye mtu wa mwisho nchini anayepaswa kuionea haya. Ni uzito wa punje moja ya shayiri, ile ile unayoiona mashambani huko kwenu. Watu wa kale walipimia kwa punje, na watengenezaji wa risasi hawajaacha hadi leo. Gramu moja ina greini kumi na tano na kidogo, kwa hiyo kichwa cha greini 124 ni gramu 8. Kichwa cha kawaida cha .45 ni greini 230, karibu gramu 15.

Jamaa yako ameuona uzito huo akasahau mwendo. Risasi yako hutoka mtutuni kwa kasi ya kama mita 350 kwa sekunde, ilhali ile ya .45 hutoka kwa kama mita 255. Ukizidisha kama tulivyofundishwa shuleni, nishati ya zote mbili ni chini kidogo ya jouli 500, na tofauti kati yake haitoshi kuanzisha ugomvi baa. Sifa ya .45 ilizaliwa Ufilipino, ambako Wamarekani waliona rivolva zao za .38 za wakati ule hazikuwazuia wapiganaji waliokuwa wakiwajia mbio. Mwaka 1904 maofisa wawili, Thompson na LaGarde, walifanya majaribio kwenye machinjio ya Chicago, wakiwapiga risasi ng'ombe hai pamoja na maiti za watu, kisha wakapendekeza kaliba isiyo chini ya .45. Majaribio hayo yalikuwa machache na ya kikatili, na hayangekubaliwa leo kama sayansi, lakini yalizaa bastola ya Colt ya 1911, na hadithi yake ikawa na nguvu kuliko risasi yenyewe.

Kisa cha .40 ndicho kinachonivutia zaidi. Tarehe 11 Aprili 1986, maafisa wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili mjini Miami. Maafisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa kabla ya majambazi hao kuuawa. Risasi moja ya milimita 9, iliyopigwa mapema katika pambano hilo, ilipenya mkono wa jambazi mmoja, ikaingia kifuani na kusimama kabla ya kuufikia moyo, naye akaendelea kupiga. FBI wakailaumu risasi. Wapo waliosema kwamba mpango wa kuwakamata ndio uliokuwa mbovu, kwa maana jambazi yule alikuwa na bunduki ilhali maafisa wengi walikuwa na bastola, lakini risasi ni mshtakiwa mzuri kwa sababu haiwezi kujitetea.

Wakatafuta kubwa zaidi, wakaipata ya milimita 10, iliyotoka mwaka 1983. Ilikuwa na teke (msukumo wa kurudi nyuma) kali mno kwa maafisa wengi, hivyo wakaagiza itiwe baruti kidogo. Hapo mafundi wa Smith & Wesson na wa Winchester wakaona jambo ambalo mpishi yeyote angeliona: chungu kikubwa kimepikiwa uji wa mtoto mmoja. Wakalikata ganda kutoka kama milimita 25 hadi 22, na Januari 1990 wakaitoa .40 S&W, ambayo uzuri wake mkubwa ulikuwa kwamba iliingia katika bastola zenye ukubwa wa zile za milimita 9. Polisi wa Marekani waliikimbilia. FBI wenyewe waliipokea mwaka 1997, na kwa karibu miaka ishirini ukisema bastola ya polisi wa Marekani ulimaanisha .40.

Jamaa yako amekaa katika miaka hiyo, hajapata habari za baadaye. Mwaka 2014 kitengo cha mafunzo cha FBI kiliandika hati ya kueleza kwa nini warudi kwenye milimita 9, na mwaka 2016 wakaingia mkataba wa kununua bastola za Glock za kaliba hiyo. Sababu walizotoa si za ajabu. Wao huzijaribu risasi kwa kuzipiga katika tofali la jelatini, wakati mwingine kupitia nguo nzito, mbao, bati au kioo cha gari, na wanataka zipenye kati ya inchi 12 na 18, yaani sentimita 30 hadi 46. Tangu Miami, watengenezaji walikuwa wameboresha vichwa vyenye shimo vinavyofunguka vikigonga mwili, hata milimita 9 ikafaulu mtihani uleule uliobuniwa kwa sababu yake. Zaidi ya hayo, hati hiyo inasema kwamba katika mapambano ya kweli polisi hukosa shabaha kwa asilimia 70 hadi 80 ya risasi wanazopiga, na kwamba wengi wao hupiga haraka na kwa usahihi zaidi wakitumia milimita 9. Magazini ya Glock ya milimita 9 hubeba 17, na ya .40, kwa umbo lilelile, hubeba 15. Kama fundi ninaongeza langu: bastola iliyochongwa kwa ajili ya milimita 9 kisha ikalishwa .40 huchakaa springi na viungo mapema, na bili humwendea mwenye ghala.

Kuhusu uanaume, nitakusimulia nilichokiona kwa macho. Mtu mmoja mwenye leseni, wa miraba minne, alikuja kwenye uwanja wa shabaha na .45 yake mpya, akalalamika kwamba bastola "inapiga chini". Nilimwomba nimjazie magazini, na kati ya risasi za kweli nikapenyeza moja bandia bila yeye kujua. Ya kwanza na ya pili zililia. Ya tatu ilipofika chemba ilikuwa ile bandia: akakivuta kifyatulio, mlio haukutoka, lakini mdomo wa bastola ukainama kwa upana wa vidole viwili, viganja vikabana na macho yakafumba. Bastola haikuwa na hitilafu. Ni mwili wake uliokuwa ukilisubiri teke. Tulimpa ya milimita 9, na hata kwa hiyo alihitaji asubuhi nzima kabla mdomo haujatulia.

Kwa hiyo, mkulima, baki na yako. Lakini angalia kichwa cha risasi ulizo nazo. Zile zilizovikwa koti la shaba mwili mzima ndizo majeshi hutumia, kwa sababu Azimio la The Hague la 1899 lilikataza vitani vichwa vinavyofunguka mwilini, na hizo hupenya zikatokea upande wa pili. Fikiria ni nani anayelala nyuma ya ukuta wako wa mabati.

SWALI: Mzee, mimi ni kijana na hupenda kufuatilia mambo haya. Magazetini nasoma daima majina mawili ya bastola, Ceska na Jericho. Rafiki yangu anasema Jericho huitwa 941 kwa sababu hiyo ndiyo kaliba yake. Kweli? – Kijana, Section 58, Nakuru

JIBU: Rafiki yako amekosea, lakini amekosea karibu na ukweli, na kisa chenyewe ni kitamu. Tarakimu 941 ni mbili zilizobandikwa pamoja: 9 na 41. Jericho ilipotolewa na kiwanda cha silaha cha Israel mwaka 1990, iliuzwa ikiwa na mitutu miwili, mmoja wa milimita 9 na mwingine wa kaliba mpya iliyoitwa .41 Action Express. Mbunifu wa kaliba hiyo alifanya hila ya kupendeza: alilifanya ganda kuwa nene ili libebe kichwa cha .41, lakini ukingo wa chini, ule unaoshikwa na ndoano inayovuta ganda tupu, akaupunguza uwe na kipimo kilekile cha milimita 9. Kwa hiyo mwenye bastola alibadilisha mtutu, springi na magazini, na mengine yote yakabaki. Miye niliona ni ubunifu bora kuliko wa .40.

Lakini rudia tarehe niliyompa mkulima wa Mau Narok. Mwaka uleule wa 1990 ndio ulioleta .40, ikiwa na jina la Smith & Wesson juu yake, FBI nyuma yake na viwanda vikubwa vya risasi pembeni yake. Ile ya .41 ilifanya kazi ileile ila haikuwa na jamaa mjini. Ikafa ikiwa changa, na leo tarakimu zile mbili za mwisho ubavuni mwa Jericho ni kama jina la marehemu lililobaki kwenye hati ya shamba. Hizo unazozisoma magazetini hupiga milimita 9, sawa na Ceska, ambayo ni jina letu la bastola za CZ kutoka Jamhuri ya Czech.

SWALI: Nilihudhuria kesi moja hapa kwetu na shahidi wa maabara akasisitiza "9 mara 19". Kwani kuna milimita 9 nyingine? Na ikiwa bastola na ganda vyote ni vya milimita 9, si ushahidi umekamilika? – Msomaji, Busia

JIBU: Ziko nyingine. Ya Kirusi, ya bastola ya Makarov, ni 9x18, na kichwa chake kina upana wa karibu milimita 9.27 ilhali cha 9x19 ni 9.03 hivi, kwa hiyo hazibadilishani hata kama jina ni moja. Kuna pia 9x17, ambayo Wamarekani huiita .380, ndogo na ya upole kwa kulinganisha, ingawa ndiyo iliyomuua Mwanamfalme Franz Ferdinand kule Sarajevo mwaka 1914.

Swali lako la pili ndilo zito. Kadiri kaliba moja inavyoenea, ndivyo kaliba peke yake inavyozidi kutokuwa ushahidi. Enzi ambapo kila mtu alikuwa na ya kwake, ganda la .455 lililookotwa mlangoni lingepunguza washukiwa hadi wachache. Leo ganda la 9x19 linawahusu polisi, wenye leseni na majambazi vilevile. Shahidi huyo bila shaka aliendelea kueleza alama ya pini kwenye kiwashio, kile kidude cha kitako cha ganda kinachowasha baruti, na mikwaruzo ya mifereji ya mtutu juu ya kichwa cha risasi, na hizo ndizo za kusikiliza.

SWALI: Mjomba wetu amefariki. Katika sanduku lake la bati tumepata rivolva ya zamani iliyoandikwa 38 na risasi sita zilizofungwa kwa kitambaa. Tungependa kuitunza kama kumbukumbu. Je, bado risasi zake zinauzwa? – Familia, Kakamega

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Zinatengenezwa bado, zote mbili, ya Kiingereza kwa uchache na Special kwa wingi, lakini swali hilo lisiwashughulishe. Cheti cha silaha chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ni cha mtu, hakirithiwi pamoja na ng'ombe na shamba, na kama mjomba hakuwa nacho basi mambo ni mazito zaidi. Msiipakie kwenye matatu kuipeleka mjini, wala msimpe kijana aisafishe. Iacheni ndani ya sanduku lilelile, mlifunge, mzee wa ukoo aende na mzee wa mtaa kwa mkuu wa kituo cha polisi, naye atume watu waje kuichukua nyumbani. Ombeni karatasi inayoonyesha namba ya silaha na idadi ya risasi, na mzihesabu pamoja mbele ya afisa, zote sita, kabla yeyote hajatia sahihi.